Wazee Walisema Asimame

Wajukuu wangu wana redio, na siku hizi redio yao haina habari nyingine ila wabunge na rais. Je, wabunge wanaweza kumwondoa? Nani amshitaki, nani amhukumu, na huyo wa kumhukumu amewekwa na nani? Mkubwa wao amesoma sana, basi ananieleza kwa vidole: hapa wako wanaotunga sheria, hapa wanaotawala, hapa wanaohukumu, na hakuna anayeingia shamba la mwenzake. "Unasikia, Koko?" Namjibu nasikia, masikio bado ni yangu. Kisha namwomba aizime. Anafikiri bibi yake ana usingizi, kumbe moyo unaniuma.

Mambo hayo mimi niliyaona kwa macho, katika milima ya Masisi, miaka ile baada ya vita kubwa ya wazungu, nilipokuwa mke mchanga na mtoto mmoja mgongoni. Hatukuwa na rais. Tulikuwa na shefu, na wazee walijaribu kumwondoa. Nitaeleza ilivyokwenda, na mwenye kutaka kucheka acheke, maana kuna mahali pa kuchekesha.

Huyo shefu alikuwa watu wawili ndani ya nguo moja. Kwa wazee alikuwa mwami. Wao ndio walimchagua katika ukoo wake, wakamvika ngozi mabegani, wakamwambia maneno ya kimila ambayo sisi wanawake hatukuruhusiwa kuyasikia. Kwa Leta alikuwa shefu, na Bwana wa Teritware, mzungu mkubwa wa serikali kwetu, alikuwa amemtundikia medali kifuani kwa mnyororo. Leta ndiyo serikali, tuliiita hivyo kwa kukata neno lake la Kifaransa, lakini mume wangu alikuwa akisema hata kwa Kiswahili jina linawafaa. Leta mayai. Leta maharagi. Leta kodi, leta vijana wa kubeba mizigo. "Tangu wafike hapa," alisema, "sijasikia siku moja wakisema twaa." Watu walicheka, naye alipenda watu wakicheka. Mdomo wake ulikuwa mzuri kuliko akili yake ya kujilinda, na mimi nilimpenda hivyo hivyo.

Tulikuwa na mlima. Nasema mlima, lakini ni upande mmoja tu wa mlima, ule unaopata jua la asubuhi, na babu yake mume wangu ndiye aliyeufyeka. Maharagi yalikubali pale, mihogo chini kidogo, na ndizi karibu na nyumba. Jumapili tulishuka kwenda kusali, Jumatatu tulipanda kulima, na sikuwa na ndoto nyingine ya maisha. Ng'ambo ya kijito alikaa mzungu mwenye shamba la pareto. Pareto yake ilipanuka kila mwaka, maua meupe mazuri kweli, ukiyatazama kwa mbali unadhani kuna harusi. Nilichukia maua yale hata kabla sijajua sababu.

Siku moja shefu alikuja na huyo mzungu, akanyoosha mkono, akasema upande ule wa mlima hauna mwenyewe. Hauna mwenyewe, na mimi nilikuwa juu yake nimeinama, jembe mkononi, mtoto mgongoni. Nikainuka wanione. Shefu aliniona. Alinisalimu hata, "Jambo, Mama," kwa sauti ya kawaida, wakaendelea kupima kwa kamba.

Mume wangu alienda kwake siku ya barza, ule mkutano wa wote, watu wakiwa wamejaa, akamwambia kwamba mwami hana ruhusa ya kugawa udongo ambao babu zake waliukuta una watu. Hakupiga kelele wala hakutukana. Lakini alisema mbele za watu, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Polisi wa shefu wakamshika pale pale.

Kesi ilisikilizwa katika tribinali ya shefu, nami nilikuwepo, nimekaa chini na wanawake wengine. Kulikuwa na meza moja na kiti kimoja. Shefu alisimama kando ya meza akaeleza jinsi alivyotukanwa, akaeleza vizuri, kwa uchungu, mpaka karibu nimwonee huruma. Alipomaliza akazunguka meza, akaketi kwenye kiti, akakohoa kidogo, akawa juji. Akauliza: "Mushitakiwa iko na neno?" Mume wangu akajibu: "Niko na neno, lakini sioni juji wa kuambia." Watu wakacheka. Shefu akangoja wamalize kucheka, kisha akamuongezea kifungo.

Kasho, jela yao, ilikuwa nyuma ya tribinali, nyumba ya udongo isiyo na dirisha, na maji yalipita chini ya ukuta kila mvua iliponyesha. Masisi mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea. Nilimpelekea bugali na sombe ya majani ya mihogo, mlinzi akionja kwanza kana kwamba yeye ndiye amenioa. Mume wangu alianza kukohoa. Mwanzoni alisema ni moshi wa tumbako ya mlinzi. Baadaye hakusema kitu, alikohoa tu, akifuta mdomo kwa kiganja na kukificha kiganja nisikione.

Baba mkwe wangu alikuwa mmoja wa wale wazee wanaoweka mwami. Ndiyo, shefu huyo huyo aliyemfunga mtoto wake, baba mkwe ndiye alikuwa amemshika bega siku ya kumvika ngozi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini alijua jambo moja, nalo lilitupa tumaini: katika milima ya jirani Leta iliwahi kumsimamisha shefu mmoja kazi, na wafungwa wake wote wakapelekwa mbele ya Bwana wa Teritware, kesi zao zikasikilizwa upya, na wengi wakarudi kwao. Kwa hiyo hesabu yetu ilikuwa fupi. Shefu akiondoka, mume wangu atasikilizwa na mtu mwingine, na mtu mwingine yeyote angemfungulia. Shefu akibaki, mume wangu atakufa kwa kikohozi mle ndani. Mimi sikuwa na falsafa nyingine.

Wazee walikutana kwa baba mkwe mchana, kwa jina la kunywa kasiksi, nami ndiye niliyepeleka pombe ile. Ndiyo maana nilisikia.

Mwenye kutunza ngozi, mkubwa wao, alisema: "Sisi njo tulimuweka. Sisi njo tutamutoa. Magumu iko wapi?"

"Mwami, tulimuweka," akajibu mwingine. "Lakini medali hatukuiweka sisi. Tukitoa mwami, shefu atabakia pale pale. Atatuangalia namna gani kesho?"

Wa tatu alikuwa mjomba wa shefu, ndugu wa mama yake. Huyo machozi yalimtoka waziwazi. Akasema: "Namujua tangu akiwa mutoto. Hakuwa hivi. Ni ile medali. Lakini mukimutoa, Leta italeta muntu wa fasi ingine, muntu asiye na mujomba hapa, asiye na muntu wa kuonea haya."

Baba mkwe akamuuliza polepole: "Na huyu, anaonea haya nani?"

Walikunywa. Mmoja akasema tungoje mavuno yapite, mwingine akasema tupeleke kwanza mbuzi tumwombe kwa upole, na niliona kwamba wataongea hivyo mpaka kibuyu kiishe, kisha watapanguza midomo na kwenda kwao. Kwetu mwanamke hakati maneno ya wazee. Mimi nilipiga magoti kuweka kibuyu cha pili, na nikiwa bado chini nikasema: "Papa, bwana yangu anakohoa damu." Sikuongeza neno. Nikatoka nikaenda kulia nyuma ya jiko, nikiwa na hasira na wote, hata na yule mwenye machozi.

Jioni baba mkwe alikuja kuniambia wamekubaliana. Bwana wa Teritware alikuwa karibu kupita katika safari yake ya ukaguzi, na siku ya barza kubwa wao watasimama mbele yake na kumzuia mwami. Nilimshika miguu kwa shukrani. Yeye hakufurahi sana. Alikuwa amebishana nao juu ya jambo moja, na walimshinda.

Baba mkwe alikuwa amebeba mizigo ya wazungu wakati wa vita, akajua Kiswahili vizuri. Alitaka yeye aseme na Bwana moja kwa moja: huyu tunamkataa, mwachisheni. Wenzake walikataa kabisa. Neno la kumzuia mwami, walisema, ni la Kihunde, lugha yetu, kama lile la kumweka. Linasemwa na mwenye kutunza ngozi, akiwa amesimama na kumtazama mwami mwenyewe usoni, wala si kumtazama mzungu. Na linasemwa mara moja tu. Ukilirudia umeliharibu, linakuwa maneno ya kawaida ya watu wanaogombana. Baba mkwe aliwauliza: na Bwana ataelewaje? Wakasema karani wa tribinali atatafsiri, ndiyo kazi yake, anakula mshahara wa nini?

Karani wa tribinali alikuwa karani wa shefu. Mnisikilize hapo. Watu waliotaka kumshitaki shefu waliazima ulimi wa shefu. Katekista alijua Kihunde na Kiswahili na hata Kifaransa kidogo, lakini Padri alikuwa amemkataza kuingia mambo ya Leta. Na hata asingekatazwa, Bwana asingemsikiliza, maana barza ina mtafsiri wake mmoja, ndivyo ilivyoandikwa. Mjukuu wangu akiniambia vidole vitatu, hiki cha sheria, hiki cha utawala, hiki cha hukumu, mimi namuuliza: na ulimi ni wa kidole gani? Anasema Koko unanichanganya.

Siku ya barza kulikuwa na ukungu mpaka karibu adhuhuri. Bwana aliketi chini ya turubai lake, amevaa kofia nyeupe, shefu mkono wake wa kuume, karani katikati amesimama na kaptula iliyopigwa pasi. Sisi wanawake tulikuwa nyuma na mafungu ya ndizi za wapagazi wa Bwana. Niliweza kusikia kila kitu. Kiswahili nilikijua tangu utoto, kwa sababu nilikulia karibu na misheni.

Wazee walitoka mbele wote pamoja. Mwenye kutunza ngozi alimtazama shefu usoni, nami nilimwona shefu anavyotambua. Mikono yake ilishika magoti. Mzee akasema neno lile kwa Kihunde, polepole. Maana yake ni hii: tulikupa miguu, na leo miguu yako ikome hapa. Kisha wazee wote wakapiga makofi ya viganja vya mviringo, taratibu, ndivyo neno kubwa linavyofungwa. Nilisema moyoni, imekwisha, mume wangu atatoka, kesho atalala nyumbani.

Bwana akamgeukia karani: "Wanasema nini?"

Karani akasema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyosikika mpaka kwetu: "Bwana, wanasema wao njo walimusimamisha shefu. Na leo wanaomba asimame."

Nimeyageuza maneno hayo maisha yangu yote. Nimeyalalia na kuyaamkia. Na sioni uongo ndani yake. Walimsimamisha, ndiyo, walimweka. Na leo asimame, yaani akome, asiendelee. Ukiendesha ng'ombe ukataka akome, unasema nini? Unasema simama. Hata mimi niliposikia nilielewa hivyo, nikaona karani ni mtu mwema kumbe, nikatubu kwa yote niliyomfikiria. Wazee wenye kujua Kiswahili kidogo waliitikia kwa vichwa.

Bwana naye alifurahi. Aliuliza wazee mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Ni kweli? Ninyi wote nataka yeye asimame?"

"Njo, Bwana," wakajibu kwa pamoja wote wenye kujua Kiswahili. "Asimame."

"Vizuri sana," akasema Bwana. "Hata mimi nataka yeye asimame." Akainuka, akamshika shefu mkono, akautikisa mbele yetu sote. Akasema ni mara chache kuona watu wanaopenda shefu wao namna hii. Akamwambia askari wake apige saluti, na askari akapiga.

Nilisema kuna mahali pa kuchekesha, napo ni hapo. Wazee walikuwa bado wanatabasamu, wamesimama, wanangoja Bwana amvue medali. Wengine walidhani ule mkono ni wa kumuaga. Ilichukua muda mpaka furaha ikaanza kuwatoka usoni mmoja mmoja, na mwenye kutunza ngozi alikuwa wa mwisho kuelewa, kwa sababu Kiswahili hakukijua kabisa. Alimuuliza jirani yake kwa Kihunde: mbona haendi?

Wakatazamana, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Neno lilikuwa limesemwa, na halirudiwi. Ni baba mkwe peke yake aliyevunja mila. Alisogea mbele akasema: "Bwana, hapana. Si hivyo. Aache. Aache kazi." Bwana alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake, maana mvua ilikuwa inakuja. Akamtazama karani. Karani akamwambia kitu kwa Kifaransa, maneno machache tu, na hayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyajua wala atakayeyajua. Uso wa Bwana ukabadilika. "Sasa hivi unasema asimame," akamwambia baba mkwe, "na sasa hivi unasema aache. Wewe iko na midomo ngapi?" Polisi wa shefu akamshika mzee mkono, akamrudisha nyuma kwa adabu. Mvua ikanyesha.

Je, karani alifanya makusudi? Watu waligombana juu ya hilo miaka na miaka. Mimi sijui. Siku nyingine nasema alikuwa nyoka, siku nyingine nasema alikuwa kijana aliyeogopa, akatafuta neno litakalomfaa kila mtu, akalipata. Wazee wale nao, nimewakasirikia kuliko karani. Walikuwa na haki ya kumwondoa, walikuwa na sababu, na hata moyo waliupata mwishoni. Wakaichukua haki yao wakaifunga katika neno moja lisiloruhusiwa kurudiwa, wakalitia katika kinywa cha mtu wa adui. Kwa ajili ya heshima. Na mume wangu alikuwa kasho, ukuta mmoja kutoka pale, akisikia makofi.

Shefu yeye alielewa tangu mwanzo, maana Kihunde ni chake. Aliwaita wazee katika tribinali, mmoja mmoja, wasiweze hata kutazamana. Baba mkwe alikatazwa kushuka kutoka kwake bila ruhusa, na ngozi ile ikachukuliwa, ikahifadhiwa kwa shefu mwenyewe. Kwa hiyo aliyewekwa sasa anatunza kile kinachomweka. Sijui kama redio ina neno kwa jambo la namna hiyo.

Kuhusu mume wangu, Bwana aliandikiwa kwamba ni yeye aliyewachochea wazee. Alichochea kutoka wapi? Kutoka ndani ya udongo? Bwana akatia mkono, na mume wangu akaamriwa kupelekwa Walikale, kufanya barabara msituni. Siku walipowatoa nilimfuata mpaka njia panda. Alikuwa amekonda, shingo ya shati imekuwa kubwa kwake. Alijaribu utani wake wa zamani. "Usilie," aliniambia. "Leta imesema leta, basi nakwenda." Nilijaribu kucheka kwa sababu alitaka nicheke. Mtoto alimpungia mkono akidhani baba anakwenda sokoni.

Mlima wetu ulilimwa na watu wa pareto kabla mwezi haujaisha. Nilihamia kwa baba mkwe, nikawa nalima kando ya nyumba yake, mahali pa mawe.

Niliposhindwa kuvumilia nilienda kwa shefu kuomba ruhusa ya kusafiri, maana bila karatasi yake ungekamatwa njiani. Aliitia mkono bila kuniuliza maswali. Alisema tu njia ni mbaya, nitafute wenzangu. Nikafungasha maharagi, kwa kuwa kule msituni maharagi ni haba na mume wangu alikuwa anayapenda, nikambeba mtoto, nikaondoka na mama mmoja ambaye mtoto wake wa kiume alikuwa mfungwa vilevile. Tuliteremka kutoka milimani mpaka baridi ikaisha, miti ikaziba juu, na jua tukawa tunaliona kwa vipande. Kila usiku tuliomba mahali pa kulala kwa watu, wakatupa. Tulipita Walikale, tukaambiwa wafungwa wa Masisi wako mbele, upande wa Itebero, tukaendelea. Miguu ilivimba. Sikujali, nilikuwa nimejitungia maneno ya kumwambia, nikawa nayarudia njiani.

Tuliwakuta wanavunja mawe. Mwenzangu alimwona mtoto wake kwa mbali akakimbia na mzigo kichwani. Mimi nilitazama nyuso zote, kisha nikazitazama tena.

Kapita wao, msimamizi wa kazi, alinijia. Alikuwa mtu mzima, hakuwa mkali. "Mama, unatafuta nani?" Nikamwambia. Akavua kofia. "Yule mwenye kukohoa," akasema. Akanionyesha mahali palipoinuka kidogo kando ya barabara, nyasi zilikuwa zimeshaota. "Pole, Mama. Lakini habari tulituma kitambo. Ilikwenda kwa shefu wenu."

Sikuanguka. Nilikaa chini tu. Mama mmoja wa pale Itebero alikuja akanishika mkono, akanipeleka nyumbani kwake, akampa mtoto wangu ndizi, na hakuniuliza kitu chochote. Maharagi niliwaachia wafungwa. Nilisikia baadaye waliyapika yote kwa mara moja.

Kama habari ilikuwa imemfikia shefu siku ile aliponitilia mkono kwenye karatasi, sijui. Nimejaribu kumfikiria kwamba hakujua. Naomba Mungu anisaidie, sijaweza.

Nilirudi Masisi wakati mvua za kupanda zimeshaanza. Baba mkwe alikuwa amelala kitandani, hakuinuka tena, na mahali pake pa mawe hapakuweza kutulisha. Palikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha. Nikaenda tribinali.

Shefu alikuwa kwenye kiti, karani pembeni yake. Nilitaka awe na sura mbaya siku hiyo. Hakuwa nayo. Aliniambia pole, na nafikiri aliona huruma ya kweli. Akanieleza kwamba kesi ya mume wangu imefungwa, kwa sababu mtu akifa hashitakiwi tena, na kwamba mlima ule haumo tena katika mazungumzo. Lakini chini bondeni, penye maji mengi, kulikuwa na kipande anachoweza kunipa, kama nitakaa kwa amani.

Halafu akainama mbele kidogo, akaniambia kwa sauti ya mtu anayemsaidia mjane: "Na kama uko na malalamiko yoyote juu ya shefu, Mama, usiogope. Leta hapa kwa tribinali. Mimi niko hapa kila siku ya soko."

Nilimtazama nione kama ananicheka. Hakuwa ananicheka. Alikuwa ananieleza utaratibu. Karani alikuwa ameshachovya kalamu, ananingoja. Mtoto alikuwa mgongoni, anakohoa kidogo kwa ile baridi ya asubuhi, na mbegu za maharagi zilikuwa hazina udongo.

"Sina malalamiko, Papa," nikasema. Karani akaandika.